Nimeirudia Anne of Avonlea: kitabu cha mwalimu ajira mpya, na sura ya 12 ambayo bado nagombana nayo

Walimu wenzangu wa ajira mpya, hasa nyie mliopangiwa visiwani huku Ukerewe na Ukara, na nyie wa Sengerema ndani ndani ambako bodaboda inaishia njiani, hiki kitabu kisomeni. Na siongelei kile cha kwanza cha Anne ambacho wengi wanakijua au wameona filamu zake, naongelea cha pili, Anne of Avonlea, cha L. M. Montgomery wa Kanada, kilitoka mwaka 1909. Watu wanakirukaga. Wanasoma cha kwanza, wanalia Matthew akifa, basi, wanafunga. Wengine wanakisoma haraka haraka wakitafuta mapenzi ya Anne na Gilbert, halafu wanalalamika kwamba hamna kitu humo. Na kweli ukitafuta mapenzi utachoka. Mimi nilikisoma mara ya kwanza nikiwa chuo cha ualimu, nakala ya mtumba ambayo jalada lilishatoka, na nilichokua nakisubiri ni hichohicho, Gilbert ataongea lini. Sasa nimekirudia nikiwa tayari niko darasani, nafundisha msingi huku kisiwani, nimekisoma kwenye simu jioni jioni, na ni kama nimepewa kitabu kingine kabisa. Hiki ni kitabu cha kazi. Kinahusu mtu anayeanza kufundisha akiwa na mawazo mazuri kichwani, af anakutana na watoto.

Kwa ambaye hajasoma cha kwanza, kwa kifupi tu: Anne Shirley ni yatima mwenye nywele nyekundu na mdomo usiochoka, analetwa kwenye kisiwa cha Prince Edward kwa kaka na dada wazee ambao hawajaoa wala kuolewa, Matthew na Marilla, ambao kiukweli walikua wameagiza mtoto wa kiume wa kusaidia shambani. Wanabaki naye. Anakua, anasoma vizuri sana, anapata ufadhili wa kwenda chuo kikuu, halafu Matthew anafariki ghafla na macho ya Marilla yanaanza kufifia, kwahiyo Anne anauacha ule ufadhili ili nyumba isiuzwe. Gilbert, ambae alikua mshindani wake darasani miaka yote, anamuachia nafasi ya kufundisha shule ya palepale Avonlea ili awe karibu na nyumbani, yeye anaenda kufundisha kijiji kingine. Kitabu cha pili kinaanzia hapo, Anne ana miaka kumi na sita na nusu, na baada ya wiki mbili tatu anafungua shule kama mwalimu.

Kumi na sita na nusu. Nikiwa chuo hiyo namba nilipita nayo tu, safari hii nikasimama. Maana huku kwetu hilo jambo lipo kwenye kumbukumbu za watu, sio hadithi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali iliposema kila mtoto aingie shule, walimu hawakutosha, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, wanafundisha huku wenyewe wanafundishwa, ndo wale mnaosikia wanaitwa walimu wa UPE, yani elimu ya msingi kwa wote. Mama yangu mkubwa alikua mmoja wao, upande wa Magu. Alikua anatusimulia kwamba siku ya kwanza kuna wanafunzi walikua wamemzidi urefu, na kwamba alichokua anaogopa kuliko vyote ni kucheka, kwasababu akicheka nao atakua mwenzao. Sasa soma sura ya tano ya hiki kitabu. Anne anaingia shule ileile aliyosomea yeye mwenyewe, kaandaa hotuba nzuri ya kufungulia, kaikariri kwa kuirudiarudia, anasimama mbele, inapotea yote. Neno halipo. Anaishia kuwaambia watoe vitabu vya maandiko, anakaa kwenye kiti huku anatetemeka, watoto wameinamia vitabu hawajui kitu. Hiyo imeandikwa miaka zaidi ya mia iliyopita, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kuingia BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya chuo, na mkufunzi amekaa nyuma ya darasa anajua Montgomery anaongelea nini.

Na hapo kuna kitu kitabu kinafanya vizuri sana, hakimpambi. Siku ile ya kwanza hamna ushindi wowote. Kuna mtoto kakamatwa anaendesha nyenje wawili katikati ya madawati, kuna mwingine, Anthony Pye, kammwagia binti wa mbele maji ya kufutia kibao chake shingoni, Anne anambakiza mapumziko na kumuelezea taratibu jinsi muungwana anavyotakiwa kuishi, na yule mtoto anamsikiliza bila hata uso kubadilika. Halafu bado mzazi anakuja. Mama kapendeza vibaya mno, kaja kumueleza mwalimu jinsi ya kutamka jina la ukoo wao, na kwamba mwanae asiitwe Jacob aitwe St. Clair, wakati mtoto mwenyewe hilo jina la pili wenzake wakimuita ni ngumi. Nimecheka peke yangu hapa Nansio mpaka jirani akauliza. Ila nimependa jinsi inavyoisha, yule mtoto anakubali mwalimu tu ndo amuite hivyo, wengine hapana, yani makubaliano ya watu wawili yasiyomhusu mama. Mwalimu anayejua watoto ndo anaweza kuandika hivyo.

Na alikua anajua kweli. Montgomery alifundisha shule tatu za vijijini hukohuko kisiwani kwao, Bideford, Belmont na Lower Bedeque, alianza 1894 akiwa na miaka 19. Kitabu chenyewe kakitoa kama zawadi kwa mwalimu wake wa zamani, Hattie Gordon Smith, anamshukuru kwa kumtia moyo, jina lipo ukurasa wa mwanzo kabisa kabla hadithi haijaanza. Mara ya kwanza sikuliona hata. Sasa hivi naona ndo mlango wa kitabu kizima, ni mwanafunzi anamuandikia mwalimu wake.

Sasa nije kwenye sura yenyewe.

Kabla shule haijafunguliwa, sura ya nne, wanakaa vijana watatu wote walimu wapya, Anne, Gilbert na Jane, wanajadili fimbo. Jane anasema yeye atachapa tu, mtoto akikosea achapwe, mambo yaishe. Anne anasema hatachapa kabisa, atawapata kwa upendo. Gilbert yupo katikati, anasema fimbo iwepo ila iwe ya mwisho kabisa. Jamani huo mjadala nimeukuta ofisi ya walimu na maneno karibu yaleyale, tofauti ni kwamba sisi tunakua na chai ya mkandaa mezani na mihogo. Yupo Jane kila shule. Na Gilbert wapo wengi zaidi.

Basi Anne anaenda na msimamo wake miezi mingi. Watoto wote wanampenda kasoro Anthony Pye. Huyu habishi, hatukani, anakaa tu na ile sura ya kwamba mwalimu mwanamke si mwalimu. Halafu inafika sura ya 12. Anne kaamka hajalala, jino limemuuma usiku kucha, kanuna, hali ya hewa mbaya, darasa limechangamka kwa namna mbaya. Kuna binti anajikwaa na ndoo ya makaa yanamwagika. Anne anaona mtoto kashika kifurushi, anajua ni zile keki ambazo watoto walikua wanazila darasani, anaamuru kitupwe kwenye jiko. Kumbe humo ni fataki. Zinaanza kulipuka ndani ya jiko, moshi, wasichana juu ya madawati. Darasa linatulia kidogo, anafungua droo ya meza yake kuchukua kitu, anakuta panya. Anapiga kelele mbele ya darasa zima. Anauliza nani, Anthony anasema ni mimi, bila aibu. Na Anne anachukua ile fimbo ya kuonyeshea ubaoni anamchapa, na anamchapa kwelikweli, mpaka ule ujeuri usoni unaondoka.

Yani hiyo sehemu imeandikwa vizuri kiasi kwamba unasikia aibu yake. Jinsi hasira inavyopanda ngazi kwa ngazi, kila kitu kidogo kinaongezea kingine, na mtoto anayekuja kuchapwa mwisho anachapwa kwa ajili ya jino, makaa, fataki na panya vyote kwa pamoja. Montgomery halifichi hilo. Anaonyesha wazi kwamba fimbo ilitoka kwenye maumivu ya mwalimu, wala haikutoka kwenye kosa la mtoto. Anne anarudi nyumbani analia, anajiona kavunja kila alichokiamini. Mpaka hapo mimi nasema ni ukurasa bora kuliko yote kwenye kitabu, na ningetaka usomwe kwenye kila chuo cha ualimu nchi hii.

Halafu kesho yake Anthony Pye anakutana na Anne njiani, anavua kofia, anambebea vitabu. Baadae zinaletwa habari kwamba kasema kumbe mwalimu huyu anafaa hata kama ni msichana, kachapa sawasawa na mwanaume. Yani fimbo imefanya kazi. Yule mtoto aliyeshindikana kwa upendo miezi yote kapatikana kwa fimbo asubuhi moja.

Hapa nagombana na kitabu na nitaendelea kugombana nacho. Najua wengine watasema ndo hali halisi, hata huku kuna watoto walishasema mwalimu asiyechapa hatuogopi, na ni kweli wanasema. Na najua Anne mwenyewe haridhiki, anasema hakutegemea kumpata kwa namna ile, bado anaamini upendo ndo njia. Lakini msomaji anaondoka na nini? Anaondoka na kofia iliyovuliwa. Mwalimu mpya wa miaka 22, amechoka, darasa lina watoto wanaokaa mpaka sakafuni, akisoma hiyo sura peke yake atajifunza kwamba siku mbaya ikifika chapa tu, kesho mtoto atakubebea vitabu. Na sisi huku ziwani tunajua inaweza kuisha vipi. Bukoba mwaka 2018 mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu, na kesi ikaenda mpaka mahakama kuu. Kanuni zipo, za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Ni nani anafuata hayo maandishi wakati kafungua droo kakuta panya? Ndo maana kanuni imeandikwa vile, ili anayeadhibu asiwe yule aliyekasirika. Anne hakua na mtu wa kumkabidhi lile jambo, shule ilikua chumba kimoja na yeye peke yake. Sisi tunao wenzetu.

Na kinachoniuma zaidi, jibu lipo ndani ya kitabu hichohicho, Montgomery kaliandika mwenyewe, kaliweka nyumbani badala ya shuleni. Marilla anachukua mapacha wa miaka sita, Davy na Dora, mama yao alikua ameolewa na ndugu yake wa mbali na amefariki. Davy ni mtoto wa vurugu zote duniani, anaweka chura kitandani kwa Marilla, anamtumbukizia binti kiwavi shingoni kanisani. Siku moja anamfungia Dora kwenye banda la vifaa la jirani, watu wanamtafuta mtoto kila mahali mpaka kisimani wanachungulia, na Davy anaulizwa anasema hajui alipo. Anne anapogundua, kinachomuumiza ni ule uongo. Na Davy anashangaa. Hajui kwamba uongo ni kitu kibaya, hamna mtu aliyewahi kumkalisha akamwambia. Anatumwa kulala mapema ndio, anaadhibiwa, lakini kinachombadilisha kidogo kidogo sura baada ya sura ni kwamba hataki kumuona Anne ana huzuni kwa ajili yake. Anauliza maswali mfululizo, nataka kujua, nataka kujua, na Anne anamjibu. Inachukua kitabu kizima na bado hajanyooka vizuri. Hiyo ndo kasi ya mtoto. Ukisoma sura ya 10 halafu ya 12, zinafuatana karibu kabisa, unapata somo lote, lakini lazima uzisome pamoja. Nikimpa mwalimu mpya hiki kitabu nitamwambia hivyo.

Haya, kuna upande mwingine ambao nilikua nimeusahau kabisa na umenifurahisha sana, upande wa kijiji. Vijana wa Avonlea wanaanzisha chama cha kuboresha kijiji. Kupanda miti, kubomoa kigofu cha mtu barabarani, kupaka rangi ukumbi wa kijiji. Wanapita nyumba kwa nyumba kuomba mchango, na ile safari ya kuomba mchango jamani imeandikwa na mtu aliyewahi kushika daftari la michango, yupo anaetoa ili muondoke, yupo anayewapa maneno mengi badala ya hela, yupo ambaye hamkumtegemea anatoa vizuri. Hela inapatikana, rangi inaagizwa, kijani ndio waliyokubaliana. Ila namba ya rangi inapita kwenye midomo ya watu kadhaa wa ukoo mmoja, inatoka 147 inafika 157, na fundi anapaka ukumbi mzima bluu, bluu kali ile. Chama kinaona kimekufa. Kumbe kijiji kinawaonea huruma, kinawakasirikia wale wa ukoo uliokosea namba, na watu wanaanza kukiunga mkono chama na kusafisha maeneo yao kuliko mwanzo. Mtu yeyote aliyekaa kamati ya shule, akaona bati zimekuja geji siyo, hapo ataelewa.

Kuna na habari ya uzio. Mwanakijiji mmoja anataka kukodisha uzio wake wa barabarani kwa kampuni ya dawa wapake matangazo, na vijana wanahangaika kumzuia maana ataharibu barabara nzima. Nimesoma hiyo nikiwa nimeshuka Mwanza mjini, nimekaa Kirumba nasubiri mtu, natazama maduka yaliyopakwa rangi za mitandao ya simu kutoka chini mpaka juu, ukuta kwa ukuta mpaka huko Mabatini na Buzuruga. Hamna aliyekaa kikao. Mwenye duka kapakiwa rangi bure, kashukuru, na mtaa wote umekua tangazo. Mji wetu una yale mawe, una ziwa, una milima yenye nyumba mpaka kileleni, ni mji mzuri wa kuangalia, na hao watoto wa kwenye kitabu wa miaka 17 na 18 wamenifanya nitamani tuwe na vijana wa kugombania ukuta.

Ya ng'ombe sitaisimulia yote mkasome wenyewe, ila ujue tu kwamba Anne anauza ng'ombe wa jirani akidhani ni wake, kwa dola ishirini, hela kapokea na ng'ombe kaondoka. Kwa Wasukuma hiyo kesi ingeitiwa sungusungu kabla ya jua kuzama. Anavyoenda kwa jirani mwenyewe, mzee mkali anayeishi na kasuku mwenye matusi, anakiri kila kitu na kumpa ng'ombe wake mwenyewe achukue, na kutokea hapo wanakua marafiki mpaka mwisho. Ni sura ya pili na ya tatu, na ni za kuchekesha kuliko zote.

Kuhusu kisiwa sasa. Sisi wa Ukerewe tunakisoma hiki kitabu kwa jicho letu. Prince Edward Island enzi za Anne unaenda kwa meli tu, na baridi bahari ikiganda ni shida nyingine, daraja lao la kuunganisha na bara walilipata 1997, karibu kilometa 13. Sisi bado tuko kwenye meli ya Mwanza au kivuko cha Rugezi na Kisorya. Kuna hali fulani ya kisiwani ambayo imo kwenye kila ukurasa, kwamba mtu akifika watu wote wanajua kafika na kwa nini, kwamba kwenda kusoma maana yake ni kuvuka maji, na kwamba aliyevuka wanamuuliza utarudi lini kabla hajapanda. Montgomery analipenda lile eneo lake bila kuliomba msamaha kwa mtu wa mjini, anataja vijia, vichaka, bustani ya marehemu iliyosahaulika msituni, anazipa majina. Nimejikuta naangalia njia ya kwetu ya kwenda shule, ile yenye michungwa pande zote, najiuliza mbona hatujawahi kuipa jina.

Sasa mabaya. Yapo na ni mengi kiasi. Kwanza kitabu hakina mgongo. Mchapishaji aliomba mwendelezo hata kabla kitabu cha kwanza hakijatoka 1908, na inaonekana, ni matukio yamepangwa mfululizo, mengine ukiyatoa hamna kitakachopungua. Pili kuna mwanafunzi anaitwa Paul Irving, mtoto mwenye ndoto na marafiki wa kufikirika kwenye miamba ya pwani, mwalimu anampenda kuliko wote na mwandishi nae vilevile. Huyu kwangu haaminiki. Kila anachosema ni shairi. Sijawahi kuona mtoto wa umri ule ambaye hana hata siku moja ya ukorofi wa kawaida, na napata wasiwasi na mwalimu mwenye kipenzi cha wazi namna ile, wenzake wanaona, watoto wanaonaga kila kitu. Hiyo nayo kitabu hakiigusi, na kingegusa kingekua kitabu kikubwa zaidi. Dora, yule pacha mtulivu, hamna anaemjali kwasababu hasumbui, na Anne na Marilla wanakiri kabisa kwamba wanampenda Davy zaidi. Mnawajua wale watoto wa dawati la katikati ambao mwaka unaisha mwalimu hajawahi kuwauliza swali? Dora ni huyo, na hata mwandishi wake kamsahau.

Tatu ni Miss Lavendar, mwanamke wa makamo anayeishi kwenye nyumba ya mawe na binti wake wa kazi, aligombana na mchumba wake miaka 25 iliyopita na akabaki peke yake. Nyumba nzuri, mwangwi mzuri, lakini theluthi ya mwisho ya kitabu inahamia huko karibu yote na shule inasahaulika. Watu wa mapenzi watapenda. Mimi nilikua nataka kurudi darasani nione Anthony Pye kafikia wapi.

Ila kabla ya mwisho kuna kitu ambacho kimenigusa kuliko harusi ya Miss Lavendar. Anne anaacha kazi baada ya miaka miwili aende chuo kikuu. Na anaweza kwenda kwasababu ya wanawake wawili wa makamo, Marilla, na Rachel Lynde jirani aliyefiwa na mume, wanaamua waishi pamoja nyumba moja, wasaidiane gharama na kazi na wale mapacha. Hamna ufadhili uliorudi, hamna mjomba tajiri. Wamekaa jikoni wakapiga hesabu. Mwalimu anayetaka kujiendeleza huku kwetu anaijua hiyo hesabu, nani atabaki na mama, nani atalipa ada ya mdogo, mkopo wa benki unaisha lini. Na kitabu hakimsemi vibaya kwa kuondoka. Wale wanafunzi wanalia siku ya kuaga, yeye analia, anaondoka. Nimeona walimu wazuri wakiitwa wasaliti kwasababu tu wameomba ruhusa ya kwenda kusoma, kwahiyo hilo limenipa nguvu sana.

Upatikanaji ni rahisi, hakimiliki yake ilishaisha, kipo bure kabisa Project Gutenberg, ile maktaba ya mtandaoni, faili la maandishi matupu halifiki hata MB moja kwahiyo hata bando la mia tano linatosha na linabaki, na LibriVox kipo cha kusikiliza kimesomwa na watu wa kujitolea. Sura ziko 30. Kiingereza chake ni cha zamani, maelezo ya mawingu na maua ni marefu, ukikutana nayo ruka tu hamna atakaekukamata, ila mazungumzo yako wazi na mtu wa kidato cha nne anayasoma vizuri akiwa na kamusi karibu. Ukitaka kununua cha karatasi, angalia kwa wale wauza vitabu vya mtumba mjini, vya Anne hua vinapita, lakini hakikisha kurasa zote zipo hadi mwisho.

Kumpa mtoto wa darasa la sita sikushauri, atachoka. Mpe binti au kijana wa sekondari anayepiga mahesabu ya ualimu. Mpe na mwalimu mkuu anayepokea ajira mpya Januari, hasa huyo, akumbuke anayeshuka kwenye kivuko na begi lake anaogopa kiasi gani, na akae nae waongelee fimbo kabla siku ya panya haijafika. Cha tatu kwenye mfululizo, Anne of the Island, kilitoka 1915, humo Anne ni mwanachuo na kufundisha kumeguswa kidogo tu, kwahiyo kwa sisi walimu kinaweza kusubiri likizo ya Desemba.